Usilifungue Gari Lote: Namna ya Kufufua Land Rover Kuukuu Uani Kwako

Kuna Land Rover moja hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Juru, ambayo nimeiona ikiisha taratibu chini ya mwembe. Siku iliponunuliwa ilikuja kwa magurudumu yake yenyewe, ikitoa moshi lakini ikitembea. Mwenyewe, kwa furaha, aliifungua yote ndani ya wiki moja ili aitengeneze yote kwa mpigo. Injini ikaingia bandani, milango ikaegeshwa ukutani, nati na bolti zikamiminwa kwenye gunia moja. Mvua za Septemba zikafika kabla ya pesa. Leo boneti ni kifuniko cha pipa la maji, na hakuna ajuaye bolti ipi ilitoka wapi.

Nimeanza na gari hilo kwa sababu sitaki liwe lako. Mbinu ninayoieleza hapa ina kanuni moja, na mengine yote yanaifuata: fungua sehemu moja, itengeneze, ifunge, ijaribu, ndipo uende kwenye sehemu nyingine. Kila Jumapili jioni gari liwe bado ni gari. Bandu bandu huisha gogo, na mtaka vyote hukosa vyote.

Kanuni hii ni nzuri popote, lakini kwetu ni ya lazima. Wengi wetu hatuna gereji yenye mlango wa kufunga. Umeme ni wa sola au jenereta. Kiangazi huleta vumbi linaloingia hata ndani ya kopo lililofunikwa, na masika huleta tope. Spea ikikosekana, ni safari ya barabara ya vumbi hadi Kabingo, kisha lami hadi Mbarara. Gari lililofunguliwa lote katika mazingira haya halisubiri, linaliwa.

Kabla ya kutoa pesa

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha miaka mitatu tu nyuma na chuma kilitolewa kwa mgao Uingereza, kwa hiyo bodi likatengenezwa kwa alumini na chuma kikaachiwa chesisi. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika: bodi la miaka 50 bado limenyooka huku mifupa ya chini imekwisha. Series II ilitoka mwaka 1958, mwaka uleule Nakivale ilipofunguliwa kupokea wakimbizi. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, yenye injini ya petroli ya silinda nne, sisi 2,286. Itafute humu humu nchini, maana tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka 15.

Lala chali chini ya gari kabla hujatazama kitu kingine. Chukua nyundo ndogo, vaa miwani, na uigonge chesisi hatua kwa hatua, kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama gogo lililolowa, na magamba ya kutu hukudondokea usoni. Kaa zaidi mahali pa namna tatu: boriti ya nyuma ya chesisi (ile inayoshika ndoano ya kuvutia), masikio yanayoshika springi mbele na nyuma, na ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, hasa chini kwenye miguu, ambako tope hujificha na kukaa na unyevu mwaka mzima.

Kutu ya juujuu isikutishe. Tundu linalopitisha kidole ni kazi ya kuchomelea, na unaweza kuipangia bei. Masikio ya springi yaliyooza pande zote mbili, pamoja na boriti ya nyuma, yanamaanisha gari la kuachana nalo, hata kama injini inaimba.

Mwisho wa ukaguzi, sugua kwa brashi ya waya sikio la springi ya mbele kulia, hapo kwenye chesisi. Namba ya chesisi imechongwa hapo. Ilinganishe na ile ya kwenye logibuku, herufi kwa herufi. Zisipolingana, usinunue. Gari lisilo na karatasi halipati bima, na bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria ya Uganda. Utakuwa umefufua gari la kukaa uani.

Uwanja, zana na majina

Chagua mahali pakavu chini ya turubai, mbali na jiko. Ardhi ya udongo haishiki jeki: tafuta ubao mnene, mpana kuliko kitako cha jeki, uutandike chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ya kushikilia gari ni stendi za chuma zilizochomelewa vizuri, moja chini ya kila upande. Matofali ya udongo hupasuka bila kutoa taarifa. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Spana ndiko wengi wanakoharibu. Land Cruiser na magari mengine ya Kijapani hutumia milimita, na hizo ndizo spana zilizojaa kwetu. Series III ni gari la inchi. Bolti ya inchi 9/16 ina upana wa milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, na ukilazimisha pembe za bolti zinalika. Tafuta seti ndogo ya inchi, angalau 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Seti hiyo ina faida kuliko rangi mpya.

Kwa kila sehemu unayoifungua, piga picha kwa simu kabla, katikati na baada. Weka makopo ya maziwa yaliyoandikwa: "breki nyuma kushoto", "kabureta", "mlango kulia". Bolti ikikubali, irudishe palepale kwenye tundu lake kwa mkono hata kama kitu chenyewe kimetoka. Haipotei kamwe.

Kisha suala la majina. Nakivale ina watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia, na kila mmoja alijifunza gari kwa lugha yake. Mkongomani atasema *fre* na *motere*, aliyetoka Tanzania atasema breki na injini, na muuzaji wa Mbarara atakuuliza *sipeya* gani kwa Kinyankore. Usimtume mtu dukani kwa neno. Mfungie spea ya zamani kwenye mfuko, na namba ya chesisi kwenye karatasi. Spea mkononi haihitaji tafsiri. Kisichopatikana Mbarara, tafuta Kampala katika soko la Kisekka, kwa mtindo uleule wa kubeba cha zamani.

Kwanza lisimame: breki

Watu wengi huanza na injini kwa sababu sauti yake inafurahisha. Mimi naomba uanze na breki. Injini ikiwaka kabla ya breki kuwa tayari, utashawishika kulitembeza, na uani kuna watoto.

Series III ina breki za dramu magurudumu yote manne. Anza na gurudumu moja la nyuma. Zuia mengine kwa mawe, nyanyua, weka stendi, toa tairi. Dramu imeshikwa na skurubu za kichwa bapa ambazo zimelala hapo miaka mingi. Mwagia mafuta ya kulegeza jioni, ziache zilale nayo, asubuhi ziguse kwa patasi na nyundo. Rudisha nyuma kirekebisho cha breki ili laina ziachie dramu, kisha gonga dramu pembeni kwa kipande cha mbao, ikizunguka kidogo kidogo.

Ikitoka, usipulize vumbi lililomo. Laina za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe kikiwa bado kimelowa.

Sasa tazama kwa makini, maana dramu inasema yenyewe ugonjwa wake. Unyevu mwembamba unaoanzia juu kwenye silinda ndogo ya breki ni mafuta ya breki: raba za silinda zimekwisha. Unyevu mzito, mweusi, wenye harufu kali, unaotoka katikati ya habu, ni oili ya difu: sili imechoka. Ukibadilisha laina bila kuondoa chanzo, mpya zitalowa ndani ya mwezi.

Badilisha raba au silinda nzima, hosi paipu, na paipu yoyote ya chuma yenye vipele vya kutu. Dramu zenye mifereji zipeleke Mbarara zikachongwe kwenye mashine, na zile mbili za ekseli moja zichongwe sawa. Zikitofautiana gari litavuta upande. Usitie oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Huvimbisha raba zote, na kazi yako yote itarudi mwanzo.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali polepole, mwingine yuko kwenye gurudumu na kipaipu kinachoonyesha ndani, ncha yake imezama katika chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari letu la usukani wa kulia ni hili: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwambie aliye juu akikanyaga aseme "chini", na asiachie mpaka umesema "nimefunga". Viputo vikiisha na pedali ikawa ngumu kama jiwe, gurudumu limekwisha. Funga, teremsha gari, pumzika. Umemaliza sehemu moja, na gari bado ni gari.

Injini: iamshe polepole

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi zote nne, tia kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, iache siku mbili au tatu. Kisha izungushe kwa mkono. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele, na hilo ni zawadi kwa mtu asiye na betri nzuri. Lakini jifunze kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudisha teke, mkono unaachiwa. Gumba lililozunguka huvunjika. Na siku zote vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini.

Ikizunguka laini, pima komprasheni silinda moja moja. Usihangaike sana na namba ya juu; angalia zinalinganaje. Iliyo chini ya wenzake, itie kijiko cha oili na upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki cha dakika kumi kinaweza kukuepusha na kufungua injini nzima bure.

Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, valvu zote, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Viandike ndani ya boneti kwa rangi. Injini hii ilibuniwa zama za petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006. Risasi hiyo ilikuwa inalinda viti vya valvu. Kwa hiyo pima tapeti mara kwa mara. Nafasi ikizidi kupungua kila unapopima, jua viti vinalika, na siku ya kuipeleka silinda hedi Mbarara ikatiwe viti vigumu inakaribia.

Kabla ya kuwasha, mwaga petroli ya zamani, safisha tangi na kabureta, tia oili mpya na filta mpya. Petroli iliyokaa hugeuka gundi inayoziba matundu ya kabureta.

Maji na umeme

Rejeta isafishwe kwa kupitisha maji kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, mpaka yatoke meupe. Usiijaze maji ya bwawa au ya ziwa. Matope yake hukaa kwenye mirija myembamba. Maji ya mvua kutoka bati, yaliyochujwa kwa kitambaa, ni bora. Badilisha hosi zote za mpira kwa pamoja, maana zina umri mmoja.

Waya za gari la Kiingereza zina lugha ya rangi, na ukiijua huhitaji kung'oa kitu. Kahawia ni umeme mkuu kutoka betri. Nyeupe ni wa swichi ya kuwashia. Kijani umepita kwenye fyuzi baada ya swichi. Zambarau una fyuzi lakini haungoji swichi. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi. Fuata rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, badilisha kipande kilichoungua, nenda kwenye nyingine. Taa nyingi zinazokataa hukataa kwa sababu ya athi: alumini hutengeneza ungaunga mweupe mahali waya mweusi unapofungwa. Sugua kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi, kaza.

Betri inaweza kuchajiwa kwa sola ya nyumbani, ila pitisha umeme kwenye kidhibiti chaji. Paneli iliyounganishwa moja kwa moja huichemsha betri.

Chesisi, bodi, na rangi mwisho kabisa

Kuchomelea ni kazi ya kumpa fundi mwenye mkono mzuri, lakini maandalizi ni yako. Toa betri. Toa tangi la petroli, lipeleke mbali; tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Kwaruza kutu mpaka ufike kwenye chuma cheupe, na ukatae kiraka kinachobandikwa juu ya kilichooza. Kipande kibovu kikatwe chote kwanza. Chomelea sehemu moja ya chesisi kwa wakati, gari likiwa limesimama sawa, ili lisipinde.

Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa. Kila unaporudisha bodi juu ya chesisi, weka kipande cha mpira katikati. Bomba kuukuu la tairi likikatwa vizuri linatosha.

Rangi ingoje. Nimeona watu wakipaka kwanza, kisha mafuta ya breki yakamwagika na kuila rangi ile mpya. Ukifika siku yake, alumini inahitaji praima yake maalumu, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la ndizi. Paka asubuhi mapema siku baada ya mvua, ardhi ikiwa bado imelala na vumbi lake, au mwaga maji kuzunguka gari. Chagua rangi ya mafuta ya kawaida, ya brashi au rola. Rangi zile za kuchanganya na hadina huwa na sumu ya mapafu ambayo kitambaa puani hakiizuii. Land Rover iliyopakwa kwa rola, kwa uvumilivu, msasa katikati ya kila mkono, inapendeza.

Barabarani

Safari ya kwanza iwe ya mita mia, ya pili kilomita moja, ya tatu hadi sokoni na kurudi. Kila ukirudi, shika kila habu kwa kiganja. Habu yenye moto kuliko wenzake ina breki inayokwama au beringi iliyokazwa mno. Tazama chini kama kuna matone mapya.

Jifunze pia zile fimbo mbili ndogo. Ya kichwa cha njano ukiibonyeza inaunganisha magurudumu ya mbele. Nyekundu ukiivuta inaleta gia nzito, na magurudumu yote manne hufanya kazi. Zitumie kwenye tope na mchanga tu. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu ya kuelekea Mbarara magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana, na kitakachovunjika ni kile ulichokitengeneza kwa jasho lako.

Gari lililotengenezwa hivi huchukua muda. Linaweza kuchukua misimu miwili ya mahindi, au mitatu. Lakini katika muda wote huo linaweza kubeba maji, kupeleka matoke sokoni na kumwahisha mgonjwa kituo cha afya, kwa sababu halijawahi kuwa gunia la vyuma. Na wewe utakuwa unalijua kila kiungo chake, kwa jina na kwa sauti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa lipo uani kwako sasa hivi, kesho asubuhi tafuta ubao mnene, stendi mbili na kopo moja tupu. Nenda kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Usiliguse la pili kabla la kwanza halijafungwa.